Vigimbi vya Bakari

Pujini, Pemba
Jumatatu, baada ya adhuhuri

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwatum,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo mama. Namwomba Mola barua hii ikukute umekaa barazani kwa kaka Jabir, magoti yamekupa nafasi na presha imetulia. Vipi hali yake Jabir na mkewe, na wajukuu zako wa huko Tanga? Siye huku tunamshukuru Mungu. Othman hajambo, bado yuko na randa na misumari yake, mbao haziishi uani. Mvua zimekuja kwa wakati, bilingani zimezaa mpaka matawi yanalala chini. Bakari anakuamkia, na ameniambia nikukumbushe zile halua ulizomuahidi.

Najua utastaajabu mtu wa boti kukuletea barua ya mtu unayezungumza naye kila Ijumaa. Lakini simu yako, mama, huwekwa sauti ya juu katikati ya ukumbi, kila anayepita anasikia, na haya ninayotaka kukwambia si ya ukumbini. Nimeandika herufi kubwa kubwa ili usimwite mtu akusomee. Soma mwenyewe, taratibu, kama ulivyokuwa ukisoma katika darasa la watu wazima pale Shumba, na nakuomba ufike mwisho.

Kabla ya yote nina ombi. Nimesikia kwamba umemtumia salamu Mzee Mgeni wa Shumba awakusanye watu Ijumaa hii baada ya sala, wamsomee halbadiri shangazi Mardhiya. Umeambiwa kuwa Bakari anaanguka ovyo kama alivyokuwa akianguka marehemu mdogo wangu Ngwali, na umesema mkono ni ule ule. Mama, nakuomba kwa maziwa uliyoninyonyesha, wasimamishe. Unajua mwenyewe uzito wa dua ile. Ikishasomwa juu ya mtu, hakuna awezaye kuifuata akairudisha. Ukimaliza barua hii na bado unataka isomwe, mimi ni mtoto wako tu, sina nguvu ya kukuzuia. Lakini isomwe barua kwanza.

Ni kweli, Bakari anaanguka. Miye ndiye niliyekuwa nikikwambia kila Ijumaa kuwa hajambo.

Hukuwahi kuniuliza kwa nini naipenda baskeli vile. Ulikuwa ukisema tu kwamba mtoto wa kike hapandi chuma, na marehemu baba alikuwa akicheka. Ile baskeli yake nyeusi ilikuwa kubwa kuliko miye. Nilikuwa napitisha mguu chini ya bomba, naendesha nimejikunja ubavu mmoja kama kaa, na wanawake wa kisimani wakiniona wanaziba nyuso. Nilianguka, nikachubuka, nikaja nikaficha magoti ndani ya kanga ili usinione. Kisha Ngwali akaanza kushindwa kwenda skuli kwa miguu. Baba alikuwa konde, weye ulikuwa na kazi za nyumba, na mtu wa kumchukua akawa ni miye. Tangu siku hiyo hukunikataza tena.

Watu wa Shumba mpaka leo wanasema Asya alikuwa na huruma, alimpakia mdogo wake miaka na miaka. Huruma ilikuwapo, lakini si huruma peke yake. Nilikuwa naipenda baskeli kuliko chakula, na Ngwali ndiye aliyenipa ruhusa. Asubuhi tukishuka ule mteremko wa kuelekea skuli, yeye yuko nyuma kwenye keria amenyanyua mikono, upepo umemjaa shatini, basi ananipigapiga mgongoni na kusema, "Usishike breki, Asya. Acha iende." Nami naiacha. Mama, katika maisha yangu yote sijawahi kuwa na furaha iliyoishinda ile, na ilikuwa ni furaha ya mtu aliyempakia mgonjwa. Sijui kama dini inaruhusu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Unakumbuka nilipoposwa na Othman. Nilipoulizwa mahari nikasema nataka baskeli, mpya, yenye keria imara. Wajomba wakatazamana. Mama yake Othman akauliza kama binti ana akili timamu. Weye ndiye uliyesema kutoka nyuma ya pazia kwamba bora baskeli kuliko kitanda, kwa kuwa kitanda hakimpeleki mtu popote. Watu wote wakacheka na ndoa ikafungwa. Nimeishi na neno lako lile. Kwa baskeli hiyo napeleka mboga zangu sokoni Chake, matenga mawili nyuma na moja mbele. Kwa baskeli hiyo nilikwenda mwenyewe kujifungua Bakari, Othman akikimbia pembeni anaapa kuwa sitaipanda tena.

Bakari alipokuwa mchanga nilimfunga mgongoni kwa kanga. Alipoweza kukaa, baba yake alimchongea kiti kidogo cha mbao, akakifunga kwenye bomba, mtoto akawa anaona njia kabla yangu. Alijua milima yote ya kutoka hapa mpaka Chake. Tulipokaribia mlima alikuwa anaguna pamoja nami, kama kwamba naye anasukuma. Alipofika umri wa skuli tukamnunulia baskeli yake ndogo. Nilimshika kwenye tandiko nikakimbia naye, nikamwachia, akaenda. Nilisimama njiani nalia, Othman akidhani nimeumia.

Na alikuwa na vigimbi, mama. Miguu myembamba, lakini chini ya goti kila mguu umejaa, mgumu, kama wa mtu mzima aliyezoea milima. Wanaume wa barazani walikuwa wakimwita wamshike, wakisema huyu atakuja kushindana uwanjani Gombani na atawaacha wote. Nami nilikuwa najivuna. Nilikuwa nasema amechukua kwangu.

Sikuelewa mbona vigimbi vile havimpandishi hata kilima kidogo. Katika uwanda alikwenda, katika mteremko alikwenda, lakini njia ikiinuka kidogo tu anashuka na kuisukuma, na baadaye hata kuisukuma akawa hawezi. Kisha akaanza kuanguka akiwa anatembea, mahali hapana jiwe wala shimo. Nikasema ni viatu. Othman akasema ni utoto. Mpaka siku moja natoka kisimani, nikamwona ameanguka uani na anataka kuinuka. Aliweka mikono chini, akainua makalio, kisha akaweka mkono juu ya goti, na mwingine juu ya goti, akawa anapanda miguu yake mwenyewe kwa mikono, goti, paja, nyonga, mpaka akasimama. Ndoo ilinitoka, maji yote yakamwagika. Nimewahi kumwona mtu mmoja tu akiinuka namna ile, na weye ulimwona zaidi yangu.

Sikukwambia. Nilimpeleka spitali Chake, wakatuandikia vitamini. Nikampeleka tena. Mara ya mwisho nikabahatika, alikuwepo daktari aliyekuja kutoka nje ya kisiwa kuwaangalia watoto, mwanamke kijana, mpole. Alimwambia Bakari akae chini kisha ainuke. Bakari akainuka vile vile. Daktari akamminya vigimbi. Wakamtoa damu ikapelekwa mbali, na tukangoja mpaka nikafikiri imepotea.

Majibu yalipokuja aliniita peke yangu. Akaniambia kwamba Bakari ana maradhi ya misuli. Misuli inakufa kidogo kidogo, na pale inapokufa panajaa mafuta. Vile vigimbi, mama, tulivyokuwa tukivisifu, havikuwa nguvu. Vilikuwa ni maradhi yenyewe. Akasema zipo dawa za kuyachelewesha maradhi yasimlaze kitandani mapema, lakini ya kumponya hakuna, hapa wala Unguja wala kwingine. Atafika wakati hatatembea, na baadaye hata mikono itachoka, na mwisho pumzi. Nikamuuliza kama ni baskeli iliyomchosha. Akasema hapana, mtoto huyu amezaliwa nayo, na kupakiwa hakumdhuru hata kidogo. Kisha akaniuliza kama upande wangu, si wa mume wangu, yupo mtoto wa kiume aliyewahi kuwa hivi. Nikamtaja Ngwali. Akaweka kalamu mezani.

Alinieleza kwa lugha nyepesi, nami nakueleza vivyo hivyo. Maradhi haya yamo katika damu. Sisi wanawake tunayabeba na hayatuumizi, tunazaa na kulima na kuendesha baskeli mpaka uzee. Yanampata mtoto wa kiume. Mwanamke anayeyabeba, kila mtoto wa kiume anayemzaa huenda akawa mzima, huenda akawa hivi, na binti zake huenda wakabeba kama yeye. Hakuna aliyefanya kosa. Hayatoki kwenye chakula wala kwenye jicho la mtu. Hayatoki kwa Mardhiya, mama. Kwa Ngwali yalitoka kwako, na kwa Bakari yametoka kwangu, na kwetu sote wawili hayakuombwa.

Najua neno hilo litakuchoma. Lilinichoma miye kabla yako. Nilipotoka pale sikumwambia Bakari kitu, nilimpakia nikaenda naye nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu utoto niliichukia baskeli. Nilichukia namna miguu yangu inavyozunguka bila kuchoka. Othman nilipomwambia alikwenda uani akakusanya vyombo vyake. Alikaa siku kadhaa bila kugusa msumeno, kisha nikamwona anachonga kiti kipya cha nyuma, kikubwa, chenye mgongo na pa kuwekea mikono. Amekifunga kwenye keria na hatujalizungumza hadi leo. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze.

Basi niliposikia habari ya halbadiri, niliona lazima nimtafute shangazi Mardhiya. Sikuwa nimemwona tangu maziko ya Ngwali, uliposimama mlangoni ukamwambia arudi alikotoka na sanda aliyoileta. Jumamosi nilimweka Bakari kwenye kiti chake, nikafunga chupa ya maji na mkate, nikaanza safari ya Shumba. Othman alitaka nipande gari. Nilimwambia naenda kwa baskeli kwa sababu nikifika kwa gari nitafika mapema mno, kabla sijajua la kusema.

Tulipofika Gombani, Bakari akaniomba tuingie uwanjani. Mlinzi alituangalia, akamwangalia mtoto alivyokaa, akafungua geti bila kuuliza. Nilimzungusha kwenye njia ya wakimbiaji, naye nyuma yangu akawa anatangaza kama mtu wa redio kwamba sasa anaingia Bakari Othman wa Pujini, amewaacha wenzake wote. Niliendesha kwa nguvu zangu zote ili asijue kuwa nalia. Kisha tukaishika njia ya kaskazini, milima ile ya kupanda na kushuka isiyokwisha, na mahali pengine nilishuka nikamsukuma, na jua lilikuwa limeshapinda tulipoingia Shumba Viamboni.

Shangazi anakaa peke yake, mama. Nyumba yake imebaki ukingoni, watoto wanaambiwa wasipite mlangoni pake. Nilimkuta ameketi anasuka ukili. Amekuwa mdogo, jicho moja lina ukungu. Hakunijua mpaka niliposema jina langu, na alipolisikia alirudi nyuma kidogo kama mtu anayengoja kupigwa. Nilimshika mkono nikaubusu. Nikamshusha Bakari, nikasahau kumshika, akaanguka mchangani. Akainuka kwa ile njia yake, goti, paja, nyonga. Shangazi alimtazama mpaka akasimama wima, kisha akageuza uso ukutani.

Nikamwambia, "Shangazi, sema unachokiona."

Akasema, "Miye sioni kitu, mwanangu. Miye jicho bovu."

Nikamwambia nimekwenda spitali, nimejua, na nimekuja kwa heri. Ndipo akageuka. Alisema, "Mara ya kwanza nilisema. Nilimwambia mama yako mtoto huyu mwakani hatatembea, mpelekeni kwa madaktari Unguja. Mwakani ikafika, hakutembea. Basi ikawa miye ndiye niliyemkata miguu. Mara hii hata angekuja malaika kuniuliza, sisemi."

Nikamuuliza alijuaje wakati ule, naye si daktari. Alimchotea Bakari maji, akamsogezea mkeka. Kisha akaniambia habari ambayo sikuwahi kuisikia kwako. Alisema kwamba nyiye wawili mlikua mlango kwa mlango kabla yeye hajawa wifi yako, na kwamba ulikuwa na mdogo wako wa kiume akiitwa Ahmada. Alikuwa akianguka. Alikuwa akiinuka kwa kujishika magoti. Watoto wengine walikuwa wakimwiga, na Mardhiya na weye mlikuwa mkiwafukuza kwa mawe. Alipokufa, bibi, mama yako, aliagiza jina lake lisitajwe nyumbani, na halikutajwa.

Mama, sikuulizi kama ulimkumbuka Ahmada ulipomwona Ngwali anaanguka. Ulikuwa mtoto, na watoto husahau wakiamrishwa kusahau. Nimekaa na jambo hili tangu Jumamosi na nimeona kwamba hata kama ulikumbuka, nakuelewa. Ni nyepesi kuwa na adui nje ya nyumba. Mtu wa nje unaweza kumfunga mlango. Hiki kilichomo ndani ya damu yako unakifungia mlango gani? Miye mwenyewe, kabla ya kwenda Shumba, kuna siku nilitamani daktari angekosea na shangazi awe mchawi kweli. Mchawi huenda akaombwa akamfungua mtoto. Lakini damu haiombwi.

Sasa nakufikishia lile lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Sijamwambia Othman. Shangazi ndiye aliyejua bila kuambiwa. Nilipokuwa namsaidia Bakari kupanda tena kitini, alinitazama ninavyoinama, akafungua mdomo, kisha akauziba kwa ncha ya kanga. Nikamwambia, "Sema tu, shangazi." Akasema kwa sauti ndogo, "Weye si mmoja."

Nina mimba, mama. Miaka yote hii baada ya Bakari nilikuwa naiomba, weye unajua nilivyoiomba, na nilipokuwa nimeshakata tamaa ikaja, na ilikuja kabla daktari hajaniita. Imeanza kucheza. Wanasema sasa wakipima wanaweza kuona kama ni mwanamme au mwanamke. Nimefika mpaka mlangoni pa kliniki nikarudi. Nikiambiwa ni binti, nitashukuru kisha nitamwangalia maisha yote nikijua huenda nimempa mzigo huu auchukue kwa watoto wake. Nikiambiwa ni mwanamme, mama, nitafanya nini? Nitamfundisha kuendesha baskeli huku nachungulia vigimbi vyake? Nasali na nashindwa kujua niombe nini. Naogopa kuomba binti, Mungu akaniona nimemkataa mtoto aliyekwishamuumba. Naogopa kunyamaza.

Na tumbo likikua sitaweza kumpakia Bakari. Hilo linanitesa kuliko yote, ingawa ni dogo. Anakwenda skuli kwa miguu yangu. Othman atajaribu, lakini Othman ana kazi zake na hajui kupandisha mlima na mzigo hai nyuma yake. Nahitaji mtu wa kukaa nami. Nahitaji mtu aliyelea mtoto wa namna hii na akajua usiku wake na mchana wake, na katika dunia hii mtu huyo ni weye peke yako.

Njoo, mama. Panda boti uje kwangu Pujini, usiende kwa Mzee Mgeni. Sikuiti ili uniambie kwamba Bakari atapona, wala kwamba huyu wa tumboni atakuwa salama. Nakuita unifundishe ulivyokuwa ukiamka asubuhi. Nilikuwa mtoto, nilikuwa nakuona unakoroga uji na unamwimbia Ngwali, nikidhani ni jambo jepesi.

Msalimie sana kaka Jabir, na wifi, na watoto wote mmoja mmoja. Othman anakuamkia. Bakari anakubusu mkono.

Tulipoondoka Shumba asubuhi ya Jumapili, shangazi alitufuata mpaka barabarani, ambako hakuwa amefika kwa muda mrefu, na watu walisimama kututazama. Alinishika usukani wa baskeli akaniambia hivi, nami nakuletea kama alivyonipa, sikuongeza wala sikupunguza: "Mwambie Mwatum, Mardhiya anamsalimu. Akiipokea, alhamdulillah. Akiikataa, usinirejeshee."

Sikumwahidi kitu. Salamu yake ndiyo hiyo, mama, imo mikononi mwako.

Wassalaam,
Mimi mwanao akupendaye,
Asya Vuai